Sauti ya Perpétue

Doriane, uko? Dada yangu Perpétue amekutwa na virusi vya UKIMWI. Na ile mimba ya miezi mitano! Tumetoka Mbarara sasa hivi.

Walipimwa wote wawili, yeye na bwana yake Byamungu. Wote wanavyo. Byamungu hakubisha hata kidogo. "Kuko mwanamuke kule Endiinzi. Lakini nilishatahiriwa, ndiyo maana sikuvaa kondomu. Si ni weye ulisema tohara inakinga?"

Ni weye ulisema! Mbele ya muuguzi, Doriane!

Na kweli Perpétue alisema. Unakumbuka mwaka jana aliporekodi lile tangazo la tohara? Aliambiwa amalizie hivi: inapunguza hatari tu, kondomu muendelee nazo. Mwisho ule akaukata, maana banaume wakisikia kondomu wanaondoka. Hema la tohara likajaa. Wakampongeza.

Alikunja karatasi ya majibu, akatangulia kutoka.

Sasa tumeshuka hapa Juru, baiskeli ya matangazo inapita na kipaza sauti chake. Sauti ya Perpétue mwenyewe, yenye furaha mingi: "Banaume ba Juru, mukuje! Mukitahiriwa muko salama!"

Ameikimbilia na tumbo lake. Amekikumbatia kile kipaza sauti, anakiambia, "Malizia. Malizia basi."