Jina la Aliyekusanya

Jumatatu, 5 Juni 2023
Chupa ya Mama imefika. Mbawakawa kumi na wawili, wale weusi wa buluu wanaomaliza figili za watu, wanaelea ndani ya pombe ya mahindi! Nilimwomba awatie kwenye spiriti. Dukani hakuna, akachukua pombe ambayo Baba huwawekea wageni. Maabara nzima inanuka karamu. Tian, mwenzangu wa meza ya pili, kasema, "Dada Ran, hawa hawajafa, wamelewa tu."
Nimecheka. Kisha harufu ikanikumbusha nyumbani, nikaenda kunawa uso.

Alhamisi, 8 Juni
Kama nilivyohofia — pombe haikuwa kali ya kutosha, DNA imekatikakatika. Jenomu ya mitokondria, ile tunayosomea ukoo, haitoki hapo. Mti wetu wa nasaba una mbawakawa wa kaunti tisa. Tawi la kumi ni Heiyan, kwetu, nalo liko tupu. Tulitaka kujua kama wa mlimani kule ni ukoo mmoja na wa mabondeni. Profesa Kuang kasema makala yetu inatumwa jaridani mwisho wa mwezi, Heiyan iwemo isiwemo. "Si kwenu kule? Nenda kawachukue mwenyewe."
Kwetu, ndiyo. Miaka minne sijakanyaga. Nilikataa kuolewa na mtoto wa mwenye kinu cha kusaga, zawadi za posa zikarudishwa mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Tangu siku ile Baba hajanisemesha.

Jumatano, 14 Juni
Nimempigia Mama. Huwa anakohoa kwanza, ndipo anauliza "Nani?" — utadhani kuna mwingine anayepiga. Nikamweleza: safari hii wazima, kikapuni, na majani yao. Na karatasi: mahali, tarehe, jina la aliyekusanya. Kasema magoti hayamruhusu kuinama, ila atajaribu. Nimeona haya.
Nikauliza, Baba hajambo?
"Yupo hapa. Anasikiliza."
Tukaagana.

Alhamisi, 22 Juni
Sikukuu ya mashua za joka. Wenzangu wote wako makwao. Nimekula zongzi za dukani, ule wali wa kufungwa kwa majani, umejaa sukari. Mama hutia nyama ya kukaushwa kwa moshi.
Nataka kwetu. Hakuna anayesoma hapa, basi naandika: nataka kwetu.

Ijumaa, 23 Juni
Kifurushi! Mbawakawa ishirini na watatu, wazima, wanatafuna majani ya figili za shamba letu. Jani moja nimelitafuna mimi, na matundu yao. Uchungu uleule.
Halafu karatasi. Heiyan, shamba la chini. 20 Juni. Aliyekusanya: Ran Guangshu.
Baba.
Mitokondria hurithiwa kwa mama. Nimewaeleza wanafunzi mara mia: baba haachi kitu humo. Nami nimekaa nalitazama jina lake, kalamu kaikandamiza hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Nimemwona ameinama kwenye mitaro, yeye na mgongo wake mbovu, anaokota mmoja mmoja.
Nimepiga. Simu ikapokelewa. Hakuna aliyekohoa.
"Baba, ni mimi, Xiulan." Nikaogopa atakata, nikauliza la kwanza lililonijia: "Shamba la juu nako wapo?"
Akasema, "Subiri."
Nimesikia simu ikiwekwa mezani. Viatu vya mpira. Mlango. Mama anakohoa kwa mbali, hagusi simu.
Kaenda kutazama. Shamba la juu ni nusu saa kupanda, na yeye anajua kwamba najua, bado kaniambia nisubiri. Simu iko wazi bado. Jogoo wetu anawika. Dakika kumi na nne sasa —