Kiraka Cheusi kwenye Turubai la Njiwa

Jumatatu, 1 Julai 2019

Baridi ya kukata masikio. Hata chai hatujamaliza, Bronwyn ametangaza: watu wa ruzuku wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Bronwyn ndiye meneja wa nyumba yetu ya sanaa hapa kijijini kwetu, Kisima cha Njiwa, mzungu lakini ana moyo. Wageni wanataka kuona kwa macho yao kama kweli wakubwa tunafundisha wadogo. Wakiridhika, mwaka wa pili upo. Wasiporidhika — basi, vijana warudi kukaa mbele ya duka na simu zao.

Wameniandika "mwalimu". Rikisha, binti wa marehemu mdogo wangu wa kike, wamemwandika "mwanafunzi". Nilicheka. Hadithi ya Njiwa Wawili ni yangu kwa baba. Rikisha ameipata kwa mama yake, kwa hiyo yeye ni mlinzi wake: anakaa kando, anatazama, mwenye akikosea anasema. Mwenye hachori bila mlinzi, mlinzi hachori bila mwenye. Sasa hapo mwalimu nani? Lakini waambie hayo watu wa mjini, watataka mkutano mwingine.

Tumelitandika turubai kubwa sakafuni. Nimechora njia yote waliyopita wale njiwa, dada wawili, kisima hadi kisima. Rikisha atajaza doti, vile vitone vyetu vya rangi. Ana mkono mzuri, wa mama yake mtupu. Niishie hapo.

Jumatano, 3 Julai

Kuna jambo hapa.

Nimeingia nyumba ya sanaa, nikawakuta Rikisha na wifi Dulcie vichwa vimegusana, wananong'ona. Waliponiona — kimya! Wifi akarukia habari za mpira. Wifi Dulcie, ambaye hajui hata timu ya mwanawe inavaa rangi gani!

Nilidaka maneno machache tu mlangoni. Wifi alikuwa akisema pale bado, mwenyewe hajapataja, tusubiri. Pale wapi? Mtu akisema "pale" wakati mahali pana jina, ujue anaficha kitu.

Halafu Rikisha. Amejaza doti pande zote, safi kabisa, akabakiza kiraka kitupu kati ya mwamba na kisima cha mwisho. Nikamwambia, hapa umesahau. "Sijasahau, mama mkubwa." Akainuka, akaenda kuosha brashi iliyokwisha kuoshwa. Uvivu au kiburi, mimi sijui. Jana nikampa nusu ya mkate wangu!

Ijumaa, 5 Julai

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Jana nilikijaza kile kiraka mwenyewe. Doti za manjano na nyeupe, mgongo ukiniuma. Leo asubuhi nakuta kimepakwa rangi nyeusi. Nyeusi tii! Katikati ya njia ya baba yangu, kama mtu kamwaga oili ya gari.

"Nani kafanya hivi?"

Watu wote wakainamia kazi zao. Hata mbwa wa wifi katoka nje.

"Mimi," akasema Rikisha.

"Kwa nini?"

Akafunika kopo la rangi nyeusi. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama mkubwa, ungeniuliza swali jingine ningekujibu."

Swali jingine! Mtoto niliyemfuta kamasi! Nikatoka bila kuaga, nikasahau na blanketi langu. Siwezi kurudi kulichukua, wataona nimelegea.

Jumamosi, 6 Julai

Gari la Bronwyn limeondoka asubuhi. Ndani: Bronwyn, Rikisha, wifi Dulcie na sepetu mbili. Mimi sikuambiwa.

Nimemvizia wifi jioni anashuka. Mlikuwa wapi? Eti kuchimba kenge. Kenge! Mwezi wa saba! Kenge wote wamelala chini ya ardhi na baridi hii, hata mtoto wa chekechea anajua. Na kwenye buti zao kulikuwa na ule mchanga mwekundu mzito, wa kunata. Mchanga ule hauko njia ya mjini wala njia ya machimboni. Uko kwa baba yangu tu.

Wamempeleka mzungu kwenye ardhi ya baba bila mimi. Kwa nini? Kupiga picha? Ili Ijumaa wageni waambiwe kwamba hadithi ina watu wengine, yule bibi haoni vizuri, tumpe wifi Dulcie kiti chake? Nimeyageuza kichwani siku nzima na kila nikiyageuza yanatokea hivyo hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hiyo hadithi ndiyo kitu pekee baba alichoniachia. Nyumba ni ya serikali, gari lilikufa. Wakinipokonya hiyo, mimi ni nani?

Jumatatu, 8 Julai

Nimemkabili Bronwyn ofisini. Nikamwambia najua mlikokwenda. Akawa mwekundu kama ule mchanga, akaniita kwa jina langu la ukoo.

"Nakamarra, si langu kusema. Nimeombwa nisipataje."

"Umeombwa na nani?"

"Waulize wa familia yako."

Nikamwambia basi nipewe msichana mwingine, Rikisha simtaki. Akashika kichwa. Akasema tukivunja sasa, wageni watakuta turubai halijaisha na watu hawasemeshani, na mwaka wa pili tusahau. Nikasema sawa, na tusahau.

Nimesema hivyo kweli. Wakati narudi nyumbani nikaona vijana wa Rikisha, wale wadogo anaowafundisha kuchanganya rangi, wamekaa ukutani wananitazama. Sikuwatazama.

Alhamisi, 11 Julai

Wifi Dulcie kaja na mkia wa kangaruu, kaubanika vizuri kwenye majivu. Rushwa. Nimeula lakini.

Nikamuuliza wazi: unataka kiti changu?

Akacheka mpaka akakohoa. "Wifi, hicho kiti chako kina misumari, nikikitaka niwe na wazimu."

"Basi mnanificha nini?"

Akaacha kucheka. Akasema hawanifichi. Midomo yao imefungwa na mimi ndiye niliyeifunga. "Miaka minne tunakungoja, wifi. Sisi hatuwezi kutangulia."

"Nimefunga mdomo wa nani mimi?"

Akaikusanya mifupa kwa ajili ya mbwa wake, akaenda.

Miaka minne. Miaka minne ni tangu mdogo wangu. Jina lake silitaji, hakuna anayelitaja, hata humu siliandiki. Ndivyo ilivyo mtu akifa, mpaka wakubwa wa damu yake walifungue. Waliobaki wa kulifungua... nimebaki mimi. Lakini hilo na turubai vinahusiana nini? Wifi ananizungusha. Ana maneno huyo!

Ijumaa, 12 Julai

Naandika stoo, nimekalia ndoo ya rangi. Nimewaambia nakwenda chooni. Wageni wako nje na chai zao.

Wamekuja wawili. Bwana mmoja mwenye buti mpya, na mama mmoja mweusi mwenzetu, watu wake ni wa pwani. Huyo mama hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye ukingo wa turubai, akatazama muda mrefu. Bwana alisifu rangi. Yeye akaweka kidole karibu na kile kiraka cheusi, bila kukigusa.

"Na hapa?"

Nikafungua mdomo kusema msichana ameharibu. Rikisha akaniwahi, lakini aliongea nami, si na wageni.

"Mama mkubwa, umeniuliza kwa nini. Swali ni tuko wapi hapa. Njiwa wakitoka kwenye mwamba, wanafikia wapi?"

"Kisima cha mwisho."

"Njiwa mdogo alichoka. Hakufika mwisho kwa siku moja."

Nikashika ukingo wa turubai.

"Pana kisima pale katikati," akasema. "Unapita bila kusimama. Miaka yote hii. Nikikujazia doti, au nikiziacha zako, mimi mlinzi ninakuwa nimesema hakipo."

Yule mama wa pwani akasema polepole, "Basi kichore, mwanangu."

"Siwezi, shangazi. Mwenye yupo. Na siwezi kukitaja. Kisima kile na mama yangu ni jina moja."

Wifi Dulcie alikuwa analia bila sauti, mbwa wake kamlalia miguuni.

Mungu wangu. Kila turubai! Yale yaliyouzwa mjini, lile la ukuta wa kliniki, ngoma niliyowafundisha watoto wa shule: wanaruka kutoka mwamba hadi kisima cha mwisho, na mimi napiga makofi. Nimekifukia kisima cha baba kwa mikono yangu kwa sababu sikutaka kufika pale. Na hao niliowaita wezi walikwenda Jumamosi na sepetu kukizibua. Wifi amenipa chupa ndogo nikiwa natoka. Maji. Yana mchanga mwekundu chini. Nimeishika hapa mapajani.

Nimemwonea mtoto. Nimemwonea sana.

Namsikia kupitia ukuta. Yule bwana wa buti anauliza kama kuna tatizo, kama waendelee na turubai jingine. Rikisha anajibu hapana, tunamngoja. Anajibu kwa adabu tu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Jina lake nimelitamka. Mara moja, mbele ya haya madebe ya rangi. Sauti imetoka mbovu, kama mlango uliofungwa muda mrefu. Silijui tena vizuri mdomoni. Inabidi nilijaribu tena kabla ya

Wanagonga. Ni yeye.

"Mama mkubwa. Nimekuchanganyia nyeupe. Inakauka."