Mkanda wa Tisa

Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti ulilolilalamikia mwezi wa kwanza limekubali kupanda ngazi. Picha ya mbwa wako ilifika salama. Mama ameichomeka kwenye kioo cha kabati, na kila mgeni anaambiwa kuwa huyo ndiye mkwe wetu wa huko. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na meno, lakini ulimi hauna tatizo lolote.

Mimi bado najalidi vitabu. Mwezi huu tumeletewa madaftari ya mahakama, makubwa kama meza, na gundi imenila ngozi ya vidole. Ukiona doa la kahawia kwenye karatasi hii, si chai.

Ninalotaka kukueleza lilitokea jana. Nilikwenda na Baba kuangalia filamu, ile ndefu ya Hollywood, ya mji uliozingirwa jangwani. Unaijua. Mimi nimefika miaka arobaini na mitano bila kuiona, ingawa Baba ndiye aliyekuwa akiiendesha kwenye mashine pale sinema, miaka miwili mfululizo. Nilipokuwa mdogo hakuniruhusu, na nilipokuwa mkubwa sinema ilikuwa imeshageuzwa ghala la magodoro.

Siku hizi maktaba ina ukumbi mpya, na mkutubi, mama mmoja mpole anayevaa saa mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, anaonyesha filamu za zamani kila Jumamosi saa nane mchana. Alipobandika tangazo la hii aliongeza chini kwa kalamu nyekundu kwamba ni nakala kamili, haikukatwa popote. Nilimsomea Baba. Akauliza kama viti vya huko vina migongo.

Ukumbi ulijaa, wengi wao wazee. Kulia kwangu alikaa Mama Mkasi, yule mfumaji wa kiwanda cha nguo. Amestaafu siku nyingi, lakini bado hawezi kuona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu. Wa kwangu aliukata kwa meno kabla taa hazijazimwa.

Nikuambie kweli, saa ya kwanza sikuelewa sifa zote zile zilitoka wapi. Kwanza mnakaa mnasikiliza muziki huku pazia limefungwa, mpaka mtu mmoja nyuma yetu akasema mashine imekufa. Kisha wanakuja watu kama sisimizi, farasi, ngamia, ngazi, moto. Mfalme anazungumza kama anayesoma tangazo la msiba. Mji hauna maji siku arobaini, lakini yule mwanamke mkuu nywele zake zimeoshwa na kupangwa, na hata viatu havina vumbi. Baba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba askari wale wote ni watu kweli, si kompyuta, na kila mmoja ilibidi apewe chakula cha mchana. Hapo nikaanza kuwaangalia mmoja mmoja. Yupo mmoja, mstari wa nyuma kabisa, anajikuna shingo wakati wenzake wanakufa. Nilimpenda kuliko mfalme.

Jambo jingine nililoliona ni kidole cha Baba. Filamu zile zilikuwa zinakuja kwa mikanda mingi, kila mkanda kwenye kopo lake la bati, na mmoja unapokaribia kwisha, kidoa kinatokea pembeni, juu, kumwambia mwendeshaji awashe mashine ya pili. Vidoa bado vipo. Kila kilipotokea, kidole cha Baba kiliinuka juu ya goti lake. Nikajikuta nahesabu naye. Mara ya saba taa ziliwashwa, tukanyoosha miguu, tukanywa maji, tukarudi.

Mara ya nane, Baba alisimama. Alisema anataka kutoka nje. Nilidhani amebanwa na haja, nikainuka kumpisha, lakini hakutembea. Alibaki ameshika kiti cha mbele yake, watu wa nyuma wakaanza kunong'ona, kisha akakaa tena taratibu.

Filamu unayoijua wewe ni ile waliyoonyeshwa watu wote hapa. Yule mwanamke anateremka ukutani kwa kamba, anaingia kwenye hema la adui, na mara mji unaanguka. Kumbe kati ya hema na kuanguka kwa mji kuna mkanda mzima, kama robo saa. Mle hemani mwanamke anawaombea maji watoto wa mji wake. Anapewa dhahabu, anakataa. Anaulizwa njia ya kuingilia, hasemi. Njia inatajwa na mshauri wa mfalme wa mji huo huo, kwa hiari yake, tena akiwa ameshiba. Mwanamke anarudi na kiriba kimoja cha maji mgongoni, na watu wake wanamfungia lango.

Nilimwangalia Baba. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Sasa niandike unayoyajua, ili ujue na mimi niliyajua kwa namna gani. Nilivyosimuliwa, kiwanda cha nguo kiligoma wiki tatu, nawe ulikuwa karani wa ghala la nyuzi, mgomaji kama wengine. Siku moja ya mvua ukaonekana unaingia nyumbani kwa meneja kwa mlango wa nyuma, ukakaa humo saa nzima. Baada ya siku mbili mgomo ukavunjwa na watu kumi na mmoja wakafukuzwa. Wakati huo filamu ilikuwa bado inaonyeshwa, basi jina likapatikana bila taabu: Bi Hema. Sokoni, bombani, mpaka kwenye foleni ya tiketi. Ulipoondoka nilikuwa na miaka sita, na mlangoni nilikupungia mkono nikasema, kwaheri Shangazi Hema. Nilidhani ni jina la kukubembeleza. Hukunikemea. Uliniinamia ukanifunga kifungo cha shingoni. Miaka thelathini na tisa sijakuomba radhi kwa neno hilo, na sasa nakuomba.

Filamu ilipokwisha watu walitoka bila kelele. Mama Mkasi alibaki amekaa. Mwishowe akasema, "Kumbe alikwenda kuomba maji." Akauliza kama wewe bado uko hai. Nilimjibu kuwa uko hai na una mbwa. Akatikisa kichwa, akaomba nimshike mkono kwenye ngazi. Ngazi zenyewe ni tatu tu, lakini hakuniachia mpaka tulipofika barabarani.

Nyumbani Baba hakuvua koti. Alikaa mezani jikoni, Mama akaelewa, akaenda kukunja nguo chumbani. Nilimwuliza kama alikuwa anajua. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Mikanda ilipowasili aliijaribu yote peke yake asubuhi, na ule wa tisa aliuangalia mara mbili. Kisha mwenye sinema akaona kuwa onyesho linakwisha baada ya basi la mwisho kuondoka, akamwamrisha aruke mkanda mmoja, wowote usio na vita. Baba alichagua wa tisa kwa sababu ndani yake watu wanazungumza tu.

Nikamwuliza, jina lilipoanza, kwa nini hakusema kwamba hata yule wa kwenye filamu hakuwa msaliti. Akasema angesema, ingejulikana kuwa watu wanauziwa filamu pungufu, na kazi angeipoteza. Kisha akasema hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba alikuwa na hakika umewauza wenzako, na watu walipocheka, alicheka nao.

"Hukumwuliza hata mara moja?" nilisema.

"Alikuja mwenyewe," akasema Baba. "Alipanda mpaka chumba cha mashine, nguo zimelowa. Akasema, kaka, kaa nikueleze. Nikamwambia nina filamu ya kuonyesha."

Nilimpa chai, akainywa ikiwa imepoa.

Shangazi, filamu haisemi lolote juu yako, hilo nalielewa. Sijui ulikwenda kwa meneja kufanya nini. Huenda ulikwenda kwa jema, huenda kwa baya, huenda kwa jambo lako tu lisilomhusu mtu. Nilimwambia Baba hivyo hivyo, kwamba asije akakusafisha kwa sababu ya mwanamke wa Hollywood kama alivyokuchafua kwa sababu yake. Alikubali. Akasema, "Mwandikie. Mwambie mimi ndiye ninayeuliza, na nikijibiwa vibaya nitapokea."

Basi nimeandika. Usipotaka kujibu, usijibu, wala mimi sitakuuliza tena. Ukitaka kupiga simu, piga ile ya Mama, maana ya Baba anaisikia pale anapotaka. Jumapili hatoki. Leo tangu asubuhi amekaa karibu na hiyo ya Mama, ingawa nimemweleza kuwa barua haijapelekwa hata posta.

Mama anakusalimu sana na anauliza mkwe anakula nini. Mdogo wangu, fundi umeme, anakusalimu pamoja na mkewe na mapacha, ambao wameshaanza kutembea na kuvunja vitu. Mama Mkasi alipita hapa asubuhi hii akaniambia nikupe salamu zake. Alisema salamu tu, hakuongeza neno, nami naziandika kama alivyozitoa.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri na watu wa kuzungumza nao.

Bila shaka umeshaona kwamba mwandiko wa kwenye bahasha si wangu. Baba alitaka aandike mwenyewe. Bahasha mbili ziliharibika, nikamwambia aniachie, hakukubali. Ya tatu ndiyo hiyo. Ameandika majina yako yote matatu, kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa.

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa kaka yako.