Jani la Tatu la Bibi Nyasinde

Marwa mdogo wangu,

Joto la Dar limepungua hata kidogo? Huku Butiama mvua imeninyeshea mpaka soksi, ila nakula sato kila siku, kwa hiyo usinihurumie.

Ombi langu la PhD ya dawa linadai mmea mmoja wa kuchunguza maabarani, nikamfuata Bibi Nyasinde, mtaalamu wa dawa za tumbo hapa kitongoji cha Mwitongo. Alinipa majani ya aina tatu ninywe kama chai, kisha nimwambie lipi linatuliza tumbo. Tumbo lenyewe wala halikuwa linaniuma! Leo nikamjibu kisomi kwamba yote yanafaa, hasa lile la tatu, na nikamtajia hadi molekuli zake.

Bibi akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikadondoka. "Hilo la tatu tunawapaga mbuzi. Kila anayetaka dawa yangu nampimaga hivyo, nijue kama ni mwongo. Kesho uje tena, na hizo molekuli uziache nyumbani."

Nimekukumbuka, mtundu wangu. Msalimie mama, mwambie ombi la PhD linaendelea vizuri. Mbuzi usiwataje.

Dada yako,
Bhoke