Mama Mkwe Anataka Nimtie Sponji Mteja Aliyeikataa

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Pasaka haijafika, na tafadhali nibadilishie majina maana kwetu kila mtu anamjua mwenzake, nina hasira hadi sindano inanichoma vidole. Mimi ni fundi wa nguo za wanawake, nabuni mwenyewe, sinakili picha za kwenye simu, na kwaya yetu ya kanisani imenipa kazi ya kushona magauni ya sare, na mwenyekiti wa kwaya ni mama mkwe wangu, hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kuna mwimbaji, nimwite Ma Annastella, mwaka jana alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya kansa, akapona, akarudi kuimba sauti ya kwanza kama kawaida, na nilipompima akaniambia, "Waitu, Elieth mwenzangu, usinitie sponji. Nimeivaa, naona kama nimeazima mwili wa mtu. Nishonee mimi huyu ninayesimama hapa," basi nikambunia mikunjo inayoanzia bega la kulia na kushuka mshazari hadi kiunoni kushoto, haifichi wala haitangazi, naye alipojaribu mbele ya kioo akajigeuza, akacheka, akaimba palepale dukani, mshauri, nililia.

Mama mkwe alipokuja kukagua akanivuta pembeni: "Mwanangu, sare ni sare. Fumua hayo madoido, mtie sponji kwa ndani uishonee kabisa. Gauni mpe asubuhi ya Pasaka, hatakuwa na lingine la kuvaa. Tutapigwa picha, kwaya isimame sawasawa." Mae! Sawasawa na nini? Mama huyu si ndiye aliyempelekea Ma Annastella uji alipokuwa mgonjwa! Lakini ni mama wa mume wangu, na mume wangu Byabato anasema nimtii tu mama yake, nguo ni nguo. Mikunjo sijaifumua, ila nimeshona kimfuko kidogo kwa ndani, upande ule, ili ikibidi sponji iingie bila kelele na mama naye aridhike. Je, nimekosea? Nifanyeje nisimuumize mteja wala nisigombane na mkwe?

Elieth, Muleba

Elieth, majina nimeyabadilisha. Pole, na hongera kwa mikunjo hiyo. Nimesoma barua yako hapa Bukoba nikapiga meza. Mama mkwe wako amekosa haya, nalisema bila kupepesa macho. Mtu ametoka kwenye kisu cha daktari akiwa hai, anakuja kumwimbia Mungu, halafu anaviziwa asubuhi ya Pasaka ili picha ipendeze! Akikuta sponji imeshonewa mle atafanya nini? Ataimba akijificha nyuma ya wenzake, au atarudi nyumbani. Na akirudi nyumbani siku hiyo, nani atamrudisha kwenye kwaya tena?

Lakini na wewe usijipigie makofi. Kile kimfuko ni cha nani? Ma Annastella hakukiomba na hajui kama kipo. Umemwambia ndiyo usoni, ukamshonea hapana kwa ndani. Amekuvulia nguo akakuonyesha kovu lake, jambo ambalo huenda hajawafanyia hata dada zake, nawe umeanza kuligawa ili upate amani kwa wakwe. Nimeudhika, Elieth.

Na Byabato mwambie avae gauni lako aende nalo sokoni, kisha arudi atuambie kama nguo ni nguo.

Sasa fanya hivi. Fumua kimfuko leo. Mwite Ma Annastella aje ajaribu gauni, umweleze yote, kimfuko pia, na umwombe radhi. Gauni aondoke nalo siku hiyohiyo, likalale kwake. Siku akitaka sponji mwenyewe, mtie bila maswali. Asipotaka, mtu asimguse. Kisha nenda kwa mama mkwe wako, wewe peke yako, usimtume mume. Piga goti umsalimie kama desturi yenu, na ukiwa bado umepiga goti mwambie hivi: "Mama, kwenye kwaya wewe ni mwenyekiti, nitakutii. Mwili wa Ma Annastella hauna mwenyekiti, una mwenyewe." Atafoka, mwache afoke. Usiinuke mpaka umemaliza kusema.

Bi. Nuriat