Yangu na Zangu

Alhamisi, baada ya Magharibi

Eti bahati! Kompyuta ya Ujerumani kwa nusu bei, kwa kuwa duka la Barabara ya Digo linamaliza mali ya msimu. "Chukua, mwalimu, hii haina ila," muuzaji akaniapia. Kumbe inayo: kwenye kibodi ya Wajerumani, Y na Z zimebadilishana mahali.

Jumatatu niliandika barua ya kuomba kuwa mkuu wa idara ya Kiswahili. "Kazi" ilitoka "kayi", nikaiona, nikarekebisha. Makosa yaliyotoka kama maneno halali sikuyaona.

Leo mwalimu mkuu ameniita ofisini. Nikamkuta na Mutua, mwenzangu wa kutoka Machakos, ambaye miaka sita namsahihisha mbele za watu kila anaposema "majina zangu". Barua yangu alipewa yeye aisome. Akaisoma taratibu, huku akiionja: "Naleta maombi zangu..."

Nikaeleza habari ya kibodi. Mwalimu mkuu akatazama dirishani. Ukuu wenyewe sasa, sijui.

Mutua akanipa mkono. "Pole, mwalimu. Hata mimi, miaka yote hii, ilikuwa ni kompyuta."