Diwani Agoma kwa Karwirwa

Jumatatu, 7 Februari 1994

Punda wetu Diwani amegoma tena! Pale pale, penye ua wa minyaa wa Karwirwa. Asubuhi akishuka mtoni hana neno. Ni wakati wa kupanda na mitungi ya maji ya kuuzia mahoteli ya Ishiara — akifika pale anakata kona bila kuulizwa, anaingiza pua uani, hasogei. Mume wangu Mutegi amevuta kamba mpaka jasho limemtiririka. Na ndani watu wanakunywa marwa, ile pombe ya mawele, na wanamwita Mutegi kwa jina.

Kosa ni letu. Miaka yote ile mume wangu alipokuwa akikaa pale kunywa, Karwirwa alimwekea punda machicha ya pombe kwenye karai bovu, asichoke kungoja. Huku kila mtu hufanya hivyo, machicha hayatupwi. Basi tukawa na walevi wawili nyumbani, mmoja wa miguu minne. Wa miguu miwili ameacha tangu Krismasi. Mwenzake hajaambiwa.

Na njia nyingine ya mkokoteni hakuna. Ni korongo tu na mawe.

Jumanne, 8 Februari

Jirani yetu Muthamia ana dawa: punda apigwe fimbo pale pale uani mpaka mahali penyewe pamchukize. Ushahidi ni ng'ombe wake. Alitumbukizwa joshoni akiwa na kidonda, dawa ikamchoma, na tangu siku hiyo akiona tu ule mteremko anageuka. Hata josho likiwa kavu! Kuhusu ng'ombe nimemwamini.

Mutegi amekataa kabisa. "Mzee wangu alinichapa sana juu ya hii pombe," akamwambia. "Nilichukia mzee. Pombe sikuchukia."

Nilimpenda sana kwa neno hilo. Sikumwambia, atavimba kichwa.

Alhamisi, 10 Februari

Jana askari wa chifu walimwaga pombe yote ya Karwirwa. Mwenyewe amekimbilia kwa dada yake. Uani hakuna mtu, hakuna harufu, karai limekauka kau. Nikasema leo nijionee. Nilipowaaga watoto wa nasari nikashuka kuwapokea Mutegi na Diwani njiani.

Jamani, huyu mnyama! Tangu kule chini masikio yalisimama. Akaongeza mwendo — na maji yote yale nyuma yake! Akakata kona, akalamba karai tupu, akasimama kungoja kwa heshima zote.

Kwa hivyo si harufu. Si Karwirwa. Ni mahali. Mahali pameingia kichwani mwake pakakaa. Mimi nawafundisha watoto "a" muhula mzima, wikendi moja tu wamesahau!

Tulipokuwa tukipanda Mutegi akaniambia polepole, bila kunitazama: "Hata mimi, nikifika hapo kwa ua, mate inanijaa kwa mdomo. Na sina kiu, Mama Njoka. Miguu tu ndiyo inataka kukata kona."

Nilidhani alishaacha, yakaisha. Kumbe anaacha kila siku upya, mimi niko nyumbani namenya viazi. Huyu mtu ana moyo!

Jumapili, 13 Februari

Baada ya ibada watu wakamshauri Mutegi amuuze Diwani. Hataki hata kusikia, na najua sababu. Asubuhi ya Krismasi tulimkuta amelala mtaroni, hajitambui, na Diwani amesimama juu yake akimkinga jua. Mkokoteni bado uko mgongoni! Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Waliosema hawakumjua huyu.

Siku hiyo ndiyo nilimwambia Mutegi: ukikanyaga kule ndani hata mara moja, mimi na mtoto wetu Njoka tunarudi kwa mama, kule Kanja. Anajua sisemi mara mbili. Siku hizi naogopa neno langu mwenyewe kuliko anavyoliogopa yeye.

Jumatano, 16 Februari

Nimewaza. Kama mahali panaweza kuwa patamu, basi nami nitatengeneza patamu pangu. Mbele kidogo ya ua kuna muarobaini wenye kivuli kizuri. Leo nimengoja pale na majani ya viazi vitamu na magadi ya kulamba. Mutegi akacheka: "Unahonga Diwani? Ni uchaguzi?"

Alikula. Kesho nitarudi.

Alhamisi, 24 Februari

AMEPITA! Alipofika uani alipunguza mwendo, akalitazama karai, sikio moja mbele, moja nyuma. Halafu akanyoosha moja kwa moja mpaka muarobaini, na aliponiona akalia kwa sauti, kilima kizima kikasikia. Kwa Karwirwa hakuwahi kulia hata siku moja. Kule alikula kimya.

Na huyu mwingine nilimletea chai ya thamosi. Amekunywa akimkuna punda shingo. Amesema leo miguu haikumsumbua sana. Nikageuka upande, machozi yalikuwa yananitoka.

Jumatatu, 28 Februari

Karwirwa amerudi. Amepika pombe! Nimesikia habari nikiwa kwenye mkutano wa wazazi, na mkutano hauishi. Muarobaini leo haukuwa na mtu. Nimefika nyumbani mbio — mkokoteni haupo. Maji yangekuwa yameshafika Ishiara zamani, na wao wamerudi. Nikaanza kukunja nguo za Njoka. Mikono inakunja, moyo haukubali.

Halafu magurudumu. Nikatoka. Mkokoteni unapanda, mitungi yote imejaa — na anayeuvuta ni Mutegi! Kamba kifuani, viatu vimechanika, shati limelowa. Punda hayupo.

"Karai ilikuwa imejaa," akasema, anahema. "Amekataa kutoka. Nimekaa hapo nikimvuta, wakaniletea kikombe mpaka kwa mkono. Nikamfungua, nikaingia mimi kwa mkokoteni."

Nilinusa mdomo wake. Ndiyo, nilinusa, sina aibu. Harufu ya jasho tu. Nikamshika mpaka akasema anaumia mbavu. Katika Mbeere nzima hakuna mwanamume kama huyu.

Lakini Diwani bado yuko kule. Na hakuna wa kumfuata ila sisi. Nikasema nitaenda mimi, abaki na mtoto. Akakataa. Nikamwambia basi twende wote, nimbebe Njoka.

"Ukinisindikiza, nitajua aje kama ninaweza?"

Amechukua kamba, na thamosi, na magadi mfukoni. Nimeketi mlangoni naandika ili mikono ifanye kitu. Nguo za Njoka ziko kitandani, nusu zimekunjwa. Jua linaelekea kuzama. Kutoka hapa ua wa Karwirwa hauonekani, wala muarobaini, ni kilima tu —

Punda amelia! Mara moja, kwa sauti ndefu — na kwa Karwirwa huwa halii. Nimesimama. Njoka naye amesimama, ananishika rinda. Nasikiliza kama atalia tena